Kila Simu na Njia Yake

Sauti ya daktari bingwa kwenye simu ya video ilikuwa inakatika. Yeye alikuwa katika mji mwingine. Mtoto wa miaka sita alikuwa hapa hospitalini, hajala tangu jana, akisubiri kupasuliwa saa nne asubuhi. Daktari wa hapa hakuwahi kufanya upasuaji ule bila kuelekezwa. Pasipo sauti, hapakuwa na kisu.

Fundi Nyaya aliitwa mbio. Hospitali ilikuwa na njia mbili za intaneti: kebo nene na antena ya paani. Jana yake alikuwa ameiamuru ruta, kifaa kinachosambaza intaneti, igawe kila simu vipande, kimoja kipitie kebo, kimoja antena, nusu kwa nusu. Akaondoka akipiga mluzi.

"Shemeji, ulisema mambo yataruka," alisema muuguzi mkuu, mke wa kaka yake. "Kweli, maneno yanaruka."

"Nipe nusu saa."

"Nusu saa zako nazijua. Harusini kwangu ulikuta masufuria yanaoshwa."

Fundi aligeukia ruta. Alizima antena. Kebo ikabeba hospitali nzima peke yake, ikaelemewa, na picha ya bingwa ikaganda kama sanamu. Akaiwasha tena. Alikaza roho, akaketi sakafuni mbele ya ruta na kumpigia bingwa.

"Daktari, nihesabie."

"Moja... tatu... tano..."

"Mbili umeiruka?"

"Nimeitaja!"

Hapo akaelewa. Mbili na nne zilipitia antena, zikachelewa, simu ikazitupa. Kosa halikuwa la njia. Lilikuwa lake, la kuishikisha simu moja njia mbili.

Akafuta amri ya jana, akaandika nyingine: kila simu ishike njia moja mwanzo hadi mwisho, na katika kila simu tano kebo ipewe nne, antena moja. Hakupiga mluzi. Alipita chumba kwa chumba, akimhesabisha bingwa hadi kumi, mara saba. Hakuna namba iliyopotea.

"Sasa ingieni," alisema.

Kisu kilishikwa saa sita mchana, na mtoto akapona. Gharama ya kosa lile ni hii: saa mbili zaidi za njaa kwa mtoto, saa mbili za mama yake kusimama mlangoni bila kuketi, na shemeji ambaye tangu siku ile hamruhusu fundi kuondoka kabla ya kuhesabu hadi kumi. Mshika mbili, moja humponyoka.