Matanga ya Shakwe Masizi

Ngano hii aliitoa kwanza Mwana Siti binti Vae, mwaka 1961, mwaka wa mafuriko, barazani kwa dada yake Mwana Kame huko Kiwayuu. Ilikuwa mchana na wanawake walikuwa wakisuka ukili wa mikeka, watoto wakisikiliza. Wengine siku hizi humtia kobe ndani yake. Mwana Siti hakuwa na kobe.

"Ngano!"

"Na ije!"

"Ije na nini?"

"Ije na maji!"

"Iondoke na nani?"

"Iondoke na aliyechelewa!"

Zamani Shakwe, ndege wa pwani, alikuwa na kichwa cheupe. Alitaga mayai matatu katika kisiwa kidogo cha jiwe, chini ya kichaka. Kila yai alilitia doa la masizi, kama mama anavyomtia mtoto mchanga kwenye paji la uso ili jicho baya lisimpate. Masizi hayo aliyatoa katika chungu kikuukuu walichokiacha wavuvi dagoni, kambini kwao.

Upande wa bara aliishi Fisi. Maji yakijaa, Fisi haji. Lakini bamvua, yale maji makuu ya mwezi, likitoka sana, njia ya mchanga hufunuka mpaka kisiwani. Basi chaku, chaku, chaku, Fisi akaja, akala yai la kwanza pamoja na doa lake. Bamvua la pili, chaku, chaku, chaku, akala yai la pili pamoja na doa lake. Akajilamba.

"Mama Shakwe, mkono wako una baraka. Lile moja niwekee."

Doa lilizuia jicho. Halikuzuia tumbo.

Likaja bamvua la tatu. Siku hiyo upepo ulikufa. Mbingu na bahari zikawa rangi moja, hata ukikohoa huku unasikika kule. Na ndani ya yai: ko, ko, ko. Kifaranga anagonga atoke.

Shakwe akatazama bara. Njia ya mchanga imeanza kufunuka. Akaenda dagoni, akaingiza kichwa chote ndani ya chungu. Alipokitoa kilikuwa cheusi mpaka shingoni, macho tu yanang'aa. Vitwitwi, ndege wadogo waliokuwa wakidonoa ufukweni, wakaruka kwa hofu.

"Nani wewe?"

"Mfiwa. Njooni mnisaidie kulia."

"Kafa nani?"

"Bado."

Vitwitwi wakatua. Wakamfuata mpaka kwenye fungu la mchanga, katikati ya kisiwa na bara. Fungu lile lina tabia yake: maji yakianza kurudi hulizunguka nyuma kwanza, upande wa bara, na mbele pakabaki pakavu kama hakuna neno. Wakakaa duara.

Maji yalipofika mwisho wa kutoka, chaku, chaku, chaku. Fisi akaja, akaona duara, akaona kichwa cheusi asichokijua. Akasita, maana hata Fisi ana adabu zake.

"Makiwa!"

"Tunayo," akajibu Shakwe.

"Poleni sana. Na chakula kipo?"

"Kinapikwa kwa majirani, baba. Wajua mfiwa hawashi moto."

"Najua, najua." Fisi akakaa. "Mimi msibani siondoki kabla ya chakula. Ndivyo nilivyolelewa."

Kutoka kisiwani: ko, ko, ko.

Masikio ya Fisi yakasimama. "Nini hicho?"

Moyo wa Shakwe ukagonga kuliko yai. "Kaburi linachimbwa. Kule ni jiwe tupu, kazi haiendi. Lieni, jamani!"

"Tuwi! Tuwi! Tuwi!" wakalia vitwitwi.

Fisi akangoja kilio kitulie. "Na maiti je?"

"Hajafika. Anakuja na maji."

Fisi akameza mate. Chakula kwanza, akawaza, kisha maiti, kisha yai. Siku njema hii.

"Alikuwa mtu gani, marehemu?"

"Mkubwa wa mabega, mdogo wa makalio. Hodi hapigi, sahani haiachi."

"Maskini! Mtu mwema kabisa. Kama namjua vile."

"Mmekua pamoja, baba."

Fisi akalia. Alilia kweli, machozi yakamdondoka mchangani, na nyuma yake maji yakapita taratibu, yakaungana. Ko, ko, ko. Tuwi, tuwi, tuwi. Kitwitwi mmoja akaruka. Wa pili akaruka.

"Mbona wafiwa wanapungua?"

"Wamekwenda kumpokea."

"Maji yamenifika magotini. Maiti yuko wapi?"

"Anakaribia."

"Yamenifika kifuani, mama!"

"Yu hapa hapa."

Fisi akageuka. Nyuma maji, mbele maji. Fungu lenyewe halionekani. Sauti ikamtoka ndogo, haina kicheko chake.

"Mama Shakwe. Haya matanga ya nani?"

Shakwe akakunjua mbawa. Aliruka. Shwaa, yakasema maji, halafu hayakusema tena.

Kisiwani yai likapasuka. Kifaranga akatoa kichwa, akakitazama kile kichwa cheusi cha mama yake, wala hakuogopa. Hakujua kingine.

Shakwe akaenda kukiosha. Akaosha, akaosha, akaosha. Palipotoka ni juu ya jicho tu, alama ndogo nyeupe, kwa sababu kule funguni na yeye alilia kidogo, na hakutaka kusema alimlilia nani. Mahali pengine hapakutoka. Chakula hakikuliwa, dua haikusomwa, matanga hayajavunjwa hata leo. Ndiyo maana anaitwa Shakwe Masizi.

"Ngano imeondoka!"

"Na nani?"

"Na aliyechelewa!"

Mwana Siti alimalizia hivi: "Basi, watoto, mmepata funzo. Mwendapo matangani kaeni mpaka mwisho. Kuondoka kabla ya chakula ni utovu wa adabu."

Mwana Kame alifariki 1979, na Mwana Siti 1984. Kati ya waliosikiliza siku ile aliye hai ni Famau Shee peke yake. Yuko Faza na masikio yake ni mazima. Shakwe yu hai, na watoto wake wako kisiwani. Habari za Fisi hazijulikani. Maji hayajamleta.