Hondohondo Alivyohongwa Panzi

Nije, nisije?

Njoo, tumekaa!

Nije na nini?

Na msitu wote!

Hapo kale na kale, kabla mtu hajakanyaga ardhi hii, Mungu alishusha mvua kila siku, na msitu ukajaa mabondeni hadi milimani. Kisha kikaja kiangazi kirefu, kirefu mno. Miti ikafa. Nyasi zikapanda mlima zikisema, "Sogea! Sogea!" Msitu ukabaki kileleni tu, kama kofia.

Hapo kileleni aliishi Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa. Desturi ya ndege hao, mke akitaka kutaga huingia tunduni mwa mti, wakaziba mlango kwa udongo. Unabaki ufa wa kupitisha chakula, na chakula huletwa na mume.

Siku moja mvua ikarudi. Nyasi zikaogopa.

"Bwana mkubwa," zikamwambia Hondohondo, "ukila tunda unatema kokwa, mti unaota. Acha matunda. Sisi tutakupa panzi, bila jasho."

Hondohondo, kwa uvivu wake, akakubali.

Siku ya kwanza akapeleka panzi kwa mkewe, aliyekuwa amezibwa tunduni. Mkewe akauliza, "Baba watoto, tunda liko wapi?"

"Matunda yameisha."

Siku ya pili, panzi. "Umenioa nije kutafuna miguu ya wadudu?"

"Vumilia, mama watoto."

Siku ya tatu, panzi tena. Mke akasema, "Nasikia nyasi zinakwaruza shina letu. Radi ikizipiga zitawaka, nami nimezibwa humu pamoja na watoto. Tutatokea wapi?"

Hondohondo akatazama chini. Kweli! Nyasi zimefika mizizini. Akalia, "Mke wangu, nimekosa. Nimehongwa. Mungu anisamehe."

"Atakusamehe. Mimi kwanza nipe tunda!"

Basi akaruka. Akala, akatema kokwa kuzunguka nyumba yake. Akala, akatema mteremkoni. Akala, akatema bondeni. Mvua ile haikuwa ya mchezo: miche ikakua, kivuli kikatanda, nyasi zikakosa jua.

"Bwana mkubwa, na panzi wetu?"

"Waleni wenyewe!"

Kangaga, mmea wa kale uliotawala msitu kabla ya matunda kuwepo, akauliza, "Na mimi je?"

"Mzee, huna tunda. Nikubebe kwa lipi?"

Ndiyo maana leo miti ya matunda imejaa msituni, na kangaga amekaa chini yake, kivulini.

Mke akabomoa udongo, akatoka na watoto wazima.

Funzo, ndugu zangu: anayekulisha bure, tazama anakuomba uache nini. Na ukikosa, ungama kabla nyumba haijaungua. Nawaambia nikijua, maana hata mimi nimeshakula panzi wa watu.

Hadithi nimeitua hapo. Nani ataibeba?

Sisi!