Kamba ya Mkunde

Nafungua kinywa, nanyi fungueni masikio! Wewe unayemfinya mwenzako, kaa vizuri. Sirudii maneno mie.

Hapo kale, mawe yalipokuwa bado laini, palikuwa na mchimba visima akiitwa Sekiete. Alikuwa na wana wawili, Mhina na Semboja, na binti mmoja, Mkunde. Utotoni Mkunde aliugua homa kali, ikamwachia uhai, ikamchukulia masikio. Ukimwita kwa nyuma, kimya. Ukipiga ngoma, kimya. Lakini ukisimama mbele yake ukasema polepole, aliyafuata maneno mdomoni mwako.

Je, nyumbani walisimama mbele yake? Wapi! Walimwita kwa nyuma, na asipoitika wakasema, "Mkaidi huyu!" Roho ilimuuma Mkunde, ilimuuma sana.

Sasa, mchimbaji akishuka shimoni hufungwa kamba kiunoni, na juu hukaa watu wa kuishika. Akitaka kupandishwa hupiga kelele, "Vuta!" Ndiyo ilikuwa desturi. Mkunde aliitaka kamba ile kuliko shanga.

"Baba, nipe kamba."

Sekiete akacheka. "Nikiita utasikia kwa kitu gani, mwanangu?"

"Kwa mikono. Wewe itikise tu, nitajua."

"Hapana."

Kesho yake akaja tena. "Baba, nipe kamba." Hapana! Kesho kutwa akaja tena. Mwishowe Sekiete akachoka. "Haya, kaa nyuma ya kaka zako, shika mkia wa kamba. Na usinisumbue."

Sekiete akashuka, akachimba, akachimba. Huko juu kaka zake Mkunde wakaiachia kamba, wakaanza ugomvi. Mnajua waligombania nini? Firigisi la jogoo wa kuliwa jioni!

"Mimi ndiye mkubwa, ni langu!"

"Mkubwa wa nini, mvivu wewe?"

Na firigisi ni la baba, na baba yuko hai shimoni! Aibu gani hii, wajukuu zangu?

Chini, ukuta ukaanza kumeguka. "Vuta!" akaita Sekiete. "Vutaaa!" Wenye masikio mazima wakazidi kubishana. Udongo ukamfika mapajani. Hapo ndipo akayakumbuka maneno ya bintiye, akaitikisa kamba kwa nguvu zote.

Mkunde akaisikia viganjani. "Baba anaita!"

"Hebu tuache, kiziwi we," akasema Semboja bila hata kugeuka.

Mkunde hakuomba tena. Akaizungusha kamba kwenye kisiki, akakita miguu, akavuta. Viganja vikachunika, akavuta. Akapiga ukelele mkubwa hata kaka zake wakageuka, wakaona kamba imekaza, wakaikimbilia. Wakavuta wote. Sekiete akatoka, udongo mtupu, na nyuma yake shimo likajifukia lote.

"Baba," Mhina akaanza, "hatukusikia..."

"Mlisikia. Hamkunisikiliza."

Kisha Sekiete akaenda kusimama mbele ya Mkunde, uso kwa uso. Akasema polepole, neno moja moja, machozi yakimtoka: "Mwanangu, kuanzia kesho kamba ni yako."

Na lile firigisi? Sekiete alimpa Mkunde, naye akalitafuna mbele ya kaka zake, taratibu kabisa.

Basi, asiyesikia msemesheni mkimtazama usoni, na ninyi wenye masikio yatumieni. Kisima changu nimekifunika, kinywa changu nimekifumba. Haya, wewe uliyekuwa ukifinya, hebu niambie: nani aliyeshika kamba?