Bangili ya Fundi Leo

Kwa miaka thelathini mama yule alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yake, nyuma ya shule. Mafundi wenzake walikuwa hodari wa kusema "njoo kesho", na kesho yao haikuwa na mwisho. Yeye akisema leo, leo ilikuwa leo; mteja alikuta nguo imepigwa pasi na kukunjwa. Ndipo mtaa mzima ukambandika jina la Fundi Leo.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Kwanza uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano, halafu rangi zikafifia, na mwishowe giza likamfunika gubigubi. Mwanamke aliyekuwa na mdomo kama cherehani sasa alishinda kitini, ametulia kama maji mtungini. Alisema jambo moja tu: "Fundi alishakufa. Nimebaki mzigo."

Maneno hayo yaliwachoma wanawe wawili, binti mwalimu na kaka yake dereva wa lori. Mama alipokaribia kutimiza miaka sitini, wakaenda kwa sonara kumchagulia zawadi. Waliafikiana upesi juu ya bangili ya fedha, pana na nyepesi. Maandishi ndiyo yaliyozua mvutano.

"Chonga 'Mama Mpendwa'," kaka alimwambia sonara, "kwa herufi za madaha."

"Kila mama ni mpendwa, kaka," dada akapinga. "Hiyo hata mama wa jirani ataivaa. Tuandike Fundi Leo."

"Jina la utani? Na kushona ameacha! Unataka kumtonesha kidonda?"

Dada akaigeuzageuza bangili mkononi. Hofu hiyohiyo ilikuwa moyoni mwake.

Sonara akavua miwani. "Fundi Leo wa nyuma ya shule? Yu hai?"

"Yu hai, mzee, ila haoni."

"Mimi nilioa kwa koti lake! Fundi wangu alinikimbia asubuhi ya harusi, kitambaa hata hakijakatwa. Mama yenu alinipima saa mbili, na saa saba nikatoka bwana harusi kamili. Miaka ishirini na miwili sasa, mke wangu bado anamtaja." Akamgeukia kaka. "Bwana mdogo, yaliyoacha kazi ni macho. Jina halijaacha."

Kaka alijizuia kucheka, akashindwa. "Haya, chonga."

Dada akaongeza ombi moja: herufi zitokeze juu, ili vidole viweze kuzisoma. Kisha akawaalika sonara na mkewe nyumbani siku yenyewe.

"Pambo la nini kwa mtu asiyejiona?" mama alinung'unika walipomvisha. Lakini vidole vyake, vilivyojua kila aina ya pindo na kishikizo, vilikuwa vimeshaanza kutambaa juu ya fedha. Vikasimama. Vikarudi mwanzo. Chozi likamteremka shavuni, na kaka akamkata dada jicho la "si nilikwambia?"

"Nani bado ananiita hivi?" mama akauliza.

"Mimi, mama. Shikamoo," alijibu sonara, akamkumbusha habari ya koti.

"Na mimi," akadakia mkewe. "Mwaka huu nimeanza kushona, lakini kola zangu zinasimama kama masikio ya punda. Nimekuja na moja. Nifundishe, mama."

Mama akaipokea, akaipapasa, akaguna. "Mwanangu, kitambaa umekikata mshazari! Ndiyo maana kimepinda. Nipe mkasi na kipande kingine."

"Leo, mama?" binti akauliza kwa mshangao.

"Kwani mimi nilianza lini kusema kesho?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni mama mwenyewe. Alasiri ile aliikamata mikono ya mwanafunzi wake, akaiongoza juu ya kitambaa kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. Habari zikasambaa. Kabla ya mwezi kwisha, wanafunzi walikuwa wanne, na kaka akaacha lori lake siku nzima ili awatengenezee meza ya kukatia.

Macho ya mama hayakurudi. Hata hivyo, asubuhi sasa anaamka akiimba, na wanaomtafuta hawapotei njia. Wakiuliza mtaani alipo Fundi Leo, hata mtoto huwaelekeza. Kweli, jina jema hung'aa gizani.