Korosho Nzima za Mama Likwena

Mkono wenye njaa huvunja punje.

Leo mchana mmemsikia fundi Mkapunda akimtamkia maneno hayo tajiri anayejenga hapo jirani, tajiri alipolalamika kwamba ukuta wake umepinda. Mafundi wote wakacheka, nanyi mmekuja kuniuliza: punje gani hiyo, na mkono wa nani? Mmefanya vizuri kuniuliza mimi, maana wengi huitaja methali hii bila kujua ilikotoka. Mimi nilikuwapo. Kaeni karibu, wajukuu zangu. Ilizaliwa hivi.

Kabla mama zenu hawajazaliwa, kijijini kwetu Mnalunde palikuwa na banda la kubangua korosho. Mwenye banda aliitwa Bwana Chilumba. Hakuwa mtu mbaya. Alisali, alihudhuria mazishi ya wenzake, na mvua ikitukuta wakati wa kutoka kazini alituacha tungoje barazani kwake. Lakini alikuwa mtu wa hofu, na hofu yake kubwa ilikuwa kufilisika.

Tulikuwa wanawake arobaini. Kila mmoja alikaa na jiwe lake mbele na kirungu mkononi. Korosho zilitufikia zimekwisha kukaangwa, nyeusi, na kazi yetu ilikuwa kuligonga ganda lipasuke bila kukiumiza kiini kilichomo ndani. Kiini hicho ndicho tulichokiita punje. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Kwa hiyo mbanguaji mwenye busara hupaka mikono majivu, na yakimtoka huacha kazi kidogo akapaka tena.

Lakini kuacha kazi kidogo kulikuwa hasara. Tulilipwa kwa uzito. Ulipeleka beseni lako kwenye mizani, punje nzima na zilizovunjika zikapimwa pamoja, ukapewa chako. Basi nani angekumbuka majivu? Tuligonga kama mvua ya mawe juu ya bati. Tulifika asubuhi bila kula, tukagonga mpaka jioni bila kula, maana tulichopata kilitosha mlo mmoja tu, nao ulikuwa wa usiku pamoja na watoto. Ikifika saa tisa mikono ilianza kutetemeka. Nakumbuka nikiutazama mkono wangu kama si wangu. Karibu nusu ya punje zetu zilitoka vipande.

Mnunuzi alikuwa Bwana Mtalika, aliyekuja na lori kutoka mjini. Yeye hakutazama uzito peke yake. Punje nzima alizinunua kwa bei nzuri, na vipande alivinunua kwa bei ya kusikitisha. Kila alipoondoka, Bwana Chilumba alitugombeza. "Mikono yenu ina pepo!" alisema. Hakuna aliyejua kwamba pepo huyo ana jina.

Kulia kwangu alikaa Mama Petronila Likwena, mjane, mkubwa kuliko sisi wote. Mikorosho yake aliiuza yote mume wake alipougua, na mume akafa vilevile. Banda lile ndilo lililokuwa shamba lake, na hakuwa na mtoto wa kumtunza. Alikuwa mpole kwa korosho kama mtu anayemvua mtoto nguo. Kwa sababu hiyo beseni lake lilikuwa la mwisho kujaa kila siku.

Msimamizi wetu, Dismas Nandonde, hakuacha kumtania hata siku moja. "Mama Likwena, unazibangua au unazibembeleza zilale?"

"Nazibembeleza, baba. Zikiamka kwa hasira zinavunjika."

"Zitalala mpaka Krismasi!"

"Nawe utakuwa hapohapo ukinitazama," alisema, na banda zima likacheka.

Ndipo ikaja amri ya serikali. Afisa mmoja alifika kwa pikipiki, akasimama mlangoni na karatasi, akasoma. Mtu yeyote aliyeajiriwa kwa siku nzima asilipwe chini ya kiwango kilichowekwa. Alikiita kima cha chini cha mshahara. Kwetu sisi kima hicho kilikuwa karibu mara mbili ya tulichokuwa tukipata. Tulipiga vigelegele mpaka afisa akaogopa. Mama Likwena peke yake hakupiga. Alikuwa akimtazama Bwana Chilumba, ambaye uso wake ulikuwa umepauka kama unga wa muhogo.

"Na yeye atatoa wapi?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Jibu tulilipata kesho yake. Bwana Chilumba alisimama mbele yetu, kofia mkononi.

"Amri ni amri, nami nitaitii," alisema. "Lakini siwezi kuitii kwa watu arobaini. Bwana Mtalika anakuja baada ya wiki tatu. Mpaka siku hiyo nitawalipa wote kama ilivyoamriwa, kila Jumamosi. Dismas ataendelea kupima. Siku lori litakapofika, ishirini wenye uzito mdogo wataondoka. Mnisamehe, mama zangu. Sina njia nyingine."

Hakuna aliyelia. Tulirudi kwenye mawe yetu, na wiki ile tuligonga kuliko tulivyowahi kugonga. Nilijiumiza kidole mara mbili. Mama Likwena alijaribu kwenda mbio kama sisi, akashindwa, akashika kirungu akakitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikisali.

Jumamosi tukapokea mshahara wa kwanza wa amri. Jumatatu Mama Likwena alikuja na bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Saa saba alikiweka kirungu chini, akafungua kitambaa. Ulikuwa ugali na dagaa. Alifumba macho akashukuru kwa sauti, banda zima likamsikia, kisha akala bila haraka.

"Mwenzetu amekwisha kuaga," alisema mtu nyuma yetu. "Anakula karamu ya safari."

Mama Likwena alimega tonge akaniwekea mkononi. Nilimwambia sina nafasi, beseni langu bado.

"Kula, mwanangu. Unamwomba Mungu akuokoe na njaa, na unga uko nyumbani kwako umeufunika. Unataka ashuke akupikie?"

Nilikula. Niwaambieni kweli, wajukuu zangu, saa tisa ya siku ile ilipofika nililingoja lile tetemeko na halikuja. Niliunyoosha mkono mbele ya uso wangu. Ulitulia kama maji ya mtungi. Niliogopa, kama mtu aliyeguswa na kitu asichokiona.

Kesho yake nilikuja na bakuli langu. Siku iliyofuata wenzetu sita walikuja na mabakuli yao, na wiki ya tatu hapakuwa na mtu asiyekula saa saba. Kwa kuwa mkono umetulia, tukakumbuka na majivu. Hatukupanga wala kuambiana. Siku moja nilisikia tu kwamba sauti ya banda imebadilika. Ile mvua ya mawe ilikuwa imekwisha. Badala yake palikuwa na pigo moja, kisha moja, kisha moja, kama watu arobaini wanaobisha hodi kwa adabu.

Lakini mizani haina masikio. Uzito wetu ulishuka. Bwana Chilumba alikuja kila jioni kutazama, na kila jioni alirudi ameinama zaidi. "Ninawalipa zaidi, ninapata kidogo," tulimsikia akimwambia Dismas. "Nimekwisha."

Siku ya lori ikafika. Dismas alikuwa ameshika karatasi yenye majina ishirini, na sote tulijua la kwanza ni la nani. Mama Likwena alikuwa amekwisha kuosha jiwe lake, tayari kuondoka. Bwana Chilumba alitaka kuyasoma majina kabla Bwana Mtalika hajaanza kazi, ili aibu ipite upesi, lakini Bwana Mtalika hakuwa mtu wa kungoja. Alitandaza turubai uani, akafungua gunia la kwanza, akalimwaga.

Akainama akazitazama punje.

Akafungua la pili, akamwaga. Akapiga magoti. Alizamisha mikono yote miwili katika lile rundo, akaiinua, punje zikateleza kati ya vidole vyake, nyeupe, zimejikunja kama mwezi mchanga, nzima, nzima, nzima. Tulikuwa hatujawahi kuiona kazi yetu imekusanyika pamoja namna ile. Hata kuku wa Bwana Chilumba walisimama.

"Chilumba," alisema Bwana Mtalika, "korosho hizi umeziiba wapi?"

"Ni zangu."

"Zako nazijua mimi. Zako ni makapi."

"Naapa, zimebanguliwa humu bandani!"

"Basi umebadilisha wanawake."

"Ni walewale," alisema Bwana Chilumba, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeamshwa. Aligeuka akatutazama mmoja mmoja, kama aliyekuwa hajatuona siku zote zile. Kisha akamwendea Mama Likwena, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amesimama karibu na mlango.

"Mama, mmefanya nini?"

Mama Likwena alifikiri kidogo. Nadhani alitafuta jibu kubwa la kufaa siku ile, akalikosa.

"Tumekula, Bwana."

"Mmekula?"

"Saa saba. Zamani tulikuwa hatuli. Tazama." Akaunyoosha mkono wake, mweusi kwa mafuta ya maganda, wenye makovu ya miaka, na haukutikisika. "Wewe ulisema una pepo. Mkono wenye njaa huvunja punje, Bwana. Haukuwa na kingine."

Mimi niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimesali miaka mingi Mungu atupe chakula chetu cha kila siku, na sikuwahi kufikiri kwamba chakula hicho kikifika kingepita mkononi mwangu, kikaingia katika korosho, kikamwokoa hata tajiri aliyetoa fedha ya kukinunua huku akilia.

Bwana Mtalika alilipa. Uzito ulikuwa pungufu, lakini malipo yalizidi ya misimu yote niliyoijua. Bwana Chilumba aliichukua ile karatasi ya majina kutoka kwa Dismas, akaikunja mara nne, akaenda kuiweka chini ya mguu wa meza ya mizani, ambao ulikuwa mfupi tangu zamani.

"Mama Likwena," alisema, "mbona umeosha jiwe? Kesho si Jumapili."

Sitawadanganya kwamba amri ile haikumwumiza mtu. Wazoa maganda wanne waliachishwa, na maganda tukawa tunazoa wenyewe. Bei ya dagaa gulioni ilipanda kidogo, maana wanunuzi tulikuwa wengi. Lakini muuza dagaa huyohuyo, aliyekuwa akija mara moja kwa wiki, alianza kuja mara tatu, na mshona viatu akafungua kibanda, na mmoja wa wale wazoa maganda akapata kazi kwake. Nilikuwa nikisimama gulioni nikitazama jinsi mshahara wetu unavyotembea kutoka mkono hadi mkono bila kuchoka, nikastaajabu kama mtoto anayeona mto kwa mara ya kwanza.

Ng'ambo ya bonde palikuwa na banda jingine, la Bwana Hassani Ngonyolo. Yeye alifanya kama Bwana Chilumba alivyokusudia. Alifukuza nusu, akawaambia waliobaki wagonge kazi ya wote, na mapumziko ya saa saba akayapiga marufuku ili fedha ya amri isipotee bure. Uzito aliupata. Bwana Mtalika alifungua gunia moja, akalifunga, akapanda lori. Mwaka haukwisha kabla Bwana Ngonyolo hajauza mizani yake.

Alikuja kwetu siku moja, akasimama mlangoni mwa banda akitutazama. Ilikuwa saa saba. Wanawake arobaini walikuwa wamekaa na mabakuli yao, wanakula, wanasimuliana, na hakuna kirungu kilichosikika. Mama Likwena alikuwa akimchokoza Dismas, aliyekuwa amekuja kuomba tonge.

"Chilumba, ndugu yangu," alisema Bwana Ngonyolo, "sote tuliletewa amri moja. Wangu hawakupumzika hata dakika, nikaanguka. Wako wamekaa kama wako harusini, nawe umesimama. Ulijua nini ambacho mimi sikukijua?"

Bwana Chilumba, yule mtu wa hofu, alivuta kiti akampa akae. Akampa maji ya kunawa. Akamsogezea bakuli lake mwenyewe, akangoja mpaka mgeni ameweka tonge la kwanza mdomoni, ndipo akamjibu.

"Mkono wenye njaa huvunja punje."