Neno Ambalo Halikuwa Kitabuni

Ndugu zangu, kulikuwa na mwalimu mmoja wa chuo, mtu wa makamo, mpole. Asubuhi alifundisha Kifaransa kwa wanaoanza. Mchana alifundisha somo la mwenendo wa watu kazini: jinsi wafanyakazi wanavyoelewana, wanavyogombana, wanavyochukuliana. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi, "Mwenzako akinyamaza, usimwache. Mfuate." Wakaandika, wakafanya mtihani, wakafaulu.

Na yeye je? Miaka sita alikuwa chuoni pale, na hakuna aliyejua kwamba alihamia pale baada ya kumzika mtoto wake wa pekee. Mkewe alirudi kwao. Jioni alikula peke yake, redio ikiwaka ili nyumba isiwe kimya. Walimu wenzake walimuuliza, "Habari za nyumbani?" Akajibu, "Nzuri." Wakapita. Walikosa nini? Si waliuliza, wakajibiwa?

Muhula mmoja akaingia darasa la Kifaransa mama mpishi wa kantini ya chuo. Binti yake ameolewa Kameruni, na wajukuu, wanaojua Kifaransa tu, wakipiga simu hawaelewani na bibi yao. Siku ya mazoezi ya wawili wawili, mama akakosa mwenza. Mwalimu akavuta kiti, akakaa mbele yake.

Mama akasoma Kifaransa chake polepole, kidole kikifuata mstari: "Una watoto wangapi?"

"Mmoja," mwalimu akajibu, naye kwa Kifaransa.

"Anakaa wapi?"

Kitabu kilitaka jina la mji. Angeweza kutaja mji wowote. Miaka yote ndivyo alivyofanya. Siku hiyo akashindwa. Akasema, kwa Kifaransa kile kile, "Alifariki."

Mama hakuwa amefika kwenye neno hilo. Akatabasamu, akasoma jibu lililoandikwa kitabuni: "Vizuri sana!"

Mwalimu akamsifia matamshi, akainuka, akaenda meza nyingine. Fikirini! Ndani ya miaka sita amelisema mara moja tu, tena kwa lugha ambayo msikilizaji wake haijui.

Kesho yake mlango wa ofisi ukagongwa. Ni yule mama, aproni kiunoni, mikono ina unga.

"Mwalimu, samahani. Lile neno la jana halimo kwenye kitabu chetu. Niliona uso wako umebadilika, nikaliandika kama nilivyolisikia, nikamuuliza binti yangu kwa simu." Akajifuta unga kwenye aproni. "Nami nikakwambia vizuri sana. Nisamehe, baba."

"Hukujua, mama."

"Sasa najua. Alikuwa anaitwa nani?"

"Lusajo," mwalimu akasema, na machozi yakamshinda. Mama akafunga mlango, akavuta kiti. Siku hiyo chakula cha mchana kilichelewa, na kantini nzima ikanung'unika.

Mnawalaumu walimu wale? Msiwalaumu haraka. Habari hii ni ya kwetu sisi. Tunaketi benchi moja kila Jumapili, tunapeana mikono, tunaulizana hali. Mwenzetu anatuambia msiba wake kwa lugha tusiyoijua: anakuwa mkali, anachelewa ibada, anaondoka kabla ya baraka. Nasi tunamjibu la kitabuni: "Bwana asifiwe!" Halafu tunakwenda zetu.

Yule mama hakuwa na elimu ya kumfariji mtu. Alichofanya ni kukataa kulala na neno asilolielewa.

Yupo mjane humu aliyeacha kuimba kwaya tangu Pasaka. Nani amemuuliza kulikoni? Mnatazamana. Mimi, mchungaji wenu, nilikutana naye sokoni wiki iliyopita. Akasema hajambo, nikafurahi kwamba hajambo, nikaendelea kuchagua nyanya.

Ibada ikiisha ninakwenda kwake. Nani anakuja nami?