Marehemu Aliyekagua Chemchemi

Zamani!

Mnasema: "Ya akina nani?" Haya, tena, kwa sauti. Hamjala? Zamani! ... Ya akina nani? Ya waliotutangulia, wakatuachia njia pamoja na miiba yake. Endeleeni kupukuchua mahindi. Masikio hayapukuchui, yatanisikia.

Zama hizo bibi yangu mimi hakuwa na meno. Si kwamba yaling'oka, yalikuwa hayajaota. Ulikuwa mwaka wa nzige. Au wa panya. Mama alisema nzige, shangazi alisema panya, na wote wawili walikuwa wabishi. Shikeni tu kwamba ulikuwa mwaka mbaya.

Palikuwa na koo mbili, Wafinyanzi juu mlimani na Wahunzi chini bondeni. Katikati yao palikuwa na chemchemi, moja tu, na maji mengine yalikuwa mwendo wa kutwa. Koo hizo zilikuwa watani. Mfinyanzi akimkuta Mhunzi njiani humwambia, "We mla majivu!" Naye hujibu, "We mla udongo, mama yako alikufinyanga akasahau pua!" Hakuna kukasirika. Ukikasirika unatozwa kuku.

Lakini utani si matusi tu, nyie watoto wa siku hizi. Ukifiwa, mtani wako ndiye anayekuja kuchimba kaburi, ndiye anayekuchekesha ili majonzi yasikuue na wewe. Na pale kaburini mtani akiomba kitu, hanyimwi. Akinyimwa, maiti hazikwi. Mhoja, nimesemaje? ... Hanyimwi. Vizuri, leo umesikia.

Basi mwaka huo likaingia tumbo. Mtu anaamka mzima, adhuhuri anaharisha, jioni macho yameingia ndani. Likapiga mlimani, likapiga bondeni. Wakachinja mbuzi mweupe, tumbo likaendelea. Wakachinja mweusi, tumbo likaendelea.

Mlimani kulikuwa na mfinyanzi mjane, jina lake Kalekwa. Watoto wawili walishamfia, akabaki na mmoja, Wande, wa miaka saba. Siku moja Kalekwa alijaza maji katika chungu kipya kukijaribu kama kinavuja. Akakisahau. Kesho yake akachungulia, akaona chini manyoya ya mbuzi. Akanusa, akapata harufu nyingine anayoijua vizuri.

Manyoya yalitoka kwa Wahunzi. Walikuwa wakiloweka ngozi palepale chemchemini, wapate kushona mivukuto, ile mifuko ya kupulizia moto. Na harufu ilitoka kwa Wafinyanzi wenyewe. Mashimo waliyochimba udongo, wakimaliza, waliyageuza choo, na mvua ikinyesha yalifurika kuelekea majini. Msicheke. Nani kacheka?

Kalekwa akashuka bondeni mbio, akamkuta Shigela, mkubwa wa Wahunzi, anagonga jembe.

"Mtani, toeni ngozi zenu majini. Zinatuua!"

Shigela akaangua kicheko mpaka nyundo ikamponyoka. "Utani wa leo mkali! Na sisi tunakufa kwa mavi yenu, mla udongo!"

Wahunzi wote wakacheka. Kalekwa naye akacheka, maana mtani akikuchekesha hucheki wewe nani? Akapanda mlima huku anacheka. Alipofika katikati kicheko kikamkauka. Yule mzee alikuwa anatania, au alikuwa anasema kweli? Na mimi je, aliniona natania? Akageuka arudi. Akageuka tena aende nyumbani. Akasimama hapo njiani na kichwa kinamzunguka.

Akaenda kwa mjomba wake Malunde, mkubwa wa Wafinyanzi.

"Mjomba, Shigela anasema mashimo yetu yanawaua."

"Kasema Shigela?"

"Kasema."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka."

"Basi ni utani," akasema Malunde, na akacheka.

Kalekwa hakuchoka. Akaomba baraza la koo mbili, likaitwa, watu wakajaa. Lo, baraza lile! Wafinyanzi wakasimama wakasema ngozi zitolewe, Wahunzi wakashika mbavu. Wahunzi wakasimama wakasema mashimo yafukiwe, Wafinyanzi wakagaragara. Kila lililosemwa lilikuwa kweli, na kila lililosemwa lilichekewa. Wakakubaliana yote, wakaagana kwa furaha, na hakuna aliyejua wamekubaliana nini. Wafinyanzi walisema kesho Wahunzi wataanza. Wahunzi walisema kesho Wafinyanzi wataanza. Kesho ikaja ikapita.

Kalekwa akazungushia chemchemi miiba peke yake, ngozi zisiingie. Wahunzi wakadhani wanachokozwa. Wakaichukua miiba, wakaenda kuziba nayo mlango wa Malunde, na yule mzee akashinda ndani akipiga kelele huku mlima mzima unacheka. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kalekwa akakaa chini, hajui tena. Labda kweli ni utani. Labda manyoya yale aliyaota.

Kesho yake alfajiri Wande akaanza kutapika.

Asubuhi hiyohiyo ikaja habari kutoka bondeni: mke wa Shigela amefariki, watani waje wachimbe. Nyie, mngefanyaje? Mtoto wa pekee analia tumbo, na huku msiba wa mtani unakuita. Kalekwa akamwachia jirani mtoto, akamwambia, "Mchemshie uji, na maji ya chemchemi usimpe!" Jirani akauliza, "Na huo uji nitaupikia maji gani?" Kalekwa akageuka. Akashuka bondeni akilia waziwazi.

Wafinyanzi wakachimba. Kaburi lilipokamilika, watu wakasubiri utani. Wote wakamtazama Kalekwa, maana ndiye aliyekuwa na ulimi kuliko wote. Kalekwa akatafuta la kuchekesha, hakuliona. Akaruka, puu, ndani ya kaburi, akaketi.

Watu wakacheka mpaka wafiwa wakafuta machozi. Shigela akaja ukingoni. "Haya mtani, toka, mke wangu anataka kulala. Unaomba nini? Kuku?"

"Sitaki kuku."

"Jembe?"

"Sitaki jembe. Naomba ngozi zitoke chemchemini, leo, na zisirudi."

Wakacheka tena. Lakini kicheko hicho kilikuwa kifupi. Kilianza hapa, kikakosa wa kukiendeleza pale. Wahunzi wakatazamana. Kama ni utani, ni ombi la kaburini, halikataliwi. Na kama si utani, ni ombi la kaburini vilevile! Shigela akakuna kichwa. Kalekwa mwenyewe, ukimuuliza saa ile kama anatania, asingejua la kukujibu.

"Nimekupa," akasema Shigela. "Lakini na mimi ni mtani wako, Kalekwa. Mashimo yenu yafukiwe. Naomba."

Malunde akaingilia. "Mila ni mila. Hapa ni kaburi la Mhunzi, aombaye ni Mfinyanzi. Wewe utaomba siku tutakapofiwa sisi."

Shigela akamgeukia. Kisha akauliza polepole, "Basi, mjomba mtu, nimngoje nani wenu afe?"

Hapakuwa na aliyecheka. Kalekwa kule chini akamwona Wande wake, macho yameingia ndani.  Akapiga kelele:

"Usingoje! Wafinyanzi wamefiwa leo! Si mnaniona? Nimo kaburini. Mimi ndiye maiti wao. Omba, Shigela, omba upesi!"

Watu wakachanganyikiwa. Huyu anasema, anapumua, atakuwaje maiti? Lakini si kaburini amekaa? Mmoja akasema ni maiti, mwingine akasema si maiti. Shigela hakusubiri wamalize.

"Mimi mtani wa marehemu huyu naomba: mashimo yafukiwe. Tukinyimwa, hazikwi!"

"Sasa tutamzikaje naye ni mzima?" Malunde akalalamika.

"Ukimpa Shigela alichoomba, hutakuwa na haja ya kunizika," akajibu Kalekwa.

Mzee akasalimu amri. Wakamzika mke wa Shigela kwa heshima zote, na kabla jua halijatua ngozi zilikuwa zimeondolewa, na majembe ya Wahunzi yalikuwa mlimani yanafukia mashimo pamoja na ya Wafinyanzi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wande akapona? Akapona, ingawa alibaki mwembamba kama ufito mpaka siku ya harusi yake. Wengine hawakupona, na sisemi uongo nikawafurahisha.

Ila Wahunzi hawakumwacha Kalekwa. "Umeshazikwa wewe!" Tangu hapo wakamwita Marehemu. "Marehemu, umeamkaje?" Naye kila mwezi mpya alishuka kukagua kama ngozi zimerudi, na akikuta hata unywele mmoja alimtangaza mwenye nao mpaka watoto wanamzomea. Wahunzi nao walipanda kukagua mashimo. Kila ukoo ulikaguliwa na midomo ya watani wake, na hakuna aliyethubutu kukasirika. Hivyo chemchemi ikadumu.

Miaka mingi baadaye Kalekwa akafa, kifo cha kweli. Wahunzi wakaja kuchimba, wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule. Wakasimama ukingoni, wakaomba: "Hatutaki kuku. Marehemu wetu amefariki, nani atatukagua? Tupeni Marehemu mwingine."

Wafinyanzi wakatazamana, kila mtu akimngoja mwenzake. Wande akafuta machozi, naye kichwa kimeshaota mvi, akashuka kaburini kwa mama yake, akaketi.

Basi jueni, wajukuu zangu: kumwambia jirani "tushirikiane" ni rahisi, hata mlevi husema. Kazi ni kumpa jirani haki ya kukudai, na usinune akikudai.

Kisa changu nimekitua hapa. Kizito mkibebe wawili wawili, chepesi mwachieni bibi, na magunzi hayo yatoeni mlangoni.